Fataki Zilipofika Banda

Karibu na Ntinda pana kilima cha Banda. Hapo ndipo ilipokuwapo ikulu ya Kabaka Mutesa, Mwingereza Speke alipoingia mwezi wa Februari 1862. Miongoni mwa zawadi zake zilikuwamo bastola, sanduku la risasi na sanduku la fataki.

Bastola za zama hizo zilishindiliwa. Kila tundu la silinda lilitiwa baruti kwanza, kisha risasi ikakazwa juu yake. Nyuma ya tundu ikavikwa fataki, yaani kikofia chembamba cha shaba. Nyundo ikiipiga fataki, cheche hupenya na kuwasha baruti; silinda ikizunguka, tundu jingine huwa tayari.

Mutesa alimwamuru Speke apige ng'ombe wanne uani; risasi tano zikawamaliza. Ndipo Kabaka akashindilia bunduki nyingine kwa mkono wake, akampa mtumishi mdogo akamuue mtu nje. Mtoto alirudi akifurahi. Speke aliandika kwamba hakuna aliyetaka kujua ni nani aliyeuawa.

Wanafunzi wetu huijua fataki ya sherehe tu. Mwalimu na awafunulie maana hii ya kale, kisha awaulize swali lile ambalo Banda halikuulizwa.