Sanduku Lisemalo katika Nchi ya Pamba

Katika mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na seti za televisheni. Na mimi, niliyezaliwa Bariadi baada ya amri hiyo kwisha kuondolewa, nikakua nikifungua vifuniko vya kompyuta mbovu kwa bisibisi katika stesheneri za mji wetu, nimeitafakari amri ile zaidi ya wengi wa rika langu, kwa kuwa kazi inipayo riziki leo ingalihesabiwa magendo katika siku za ujana wa babu yangu.

Wala simo miongoni mwa wanaoicheka. Kompyuta ya kwanza ilifika nchini mwaka 1965, aina ya ICT 1500 iliyouzwa na Waingereza, ikawekwa katika Wizara ya Fedha, na hadi amri ilipotoka kompyuta za nchi nzima hazikuwa zimezidi kumi. Wizara ilitaka hesabu za serikali zifanywe na mashine. Lakini wataalamu wengi walikuwa wageni, na waliojua kuilisha mashine habari zake walikuwa wachache, na makosa yakazidi makosa hata ikabidi hesabu zirudishwe katika madaftari na kalamu, baada ya hasara kubwa kwisha kupatikana. Mtu aliyewahi kuona programu moja yenye kosa dogo ikiharibu orodha ya majina elfu atafahamu khofu iliyowaingia wakubwa wale. Ama televisheni, hoja yake ilikuwa nyingine: kwamba ni anasa ya watu wachache wa mjini wenye umeme, ilhali walio wengi walikaa vijijini wakihitaji maji, zahanati na shule. Hoja hiyo ilikuwa na insafu ndani yake, na mtoto wa Usukuma hawezi kuikana, kwani taa ya chemli ilidumu katika nyumba zetu miaka mingi baadaye.

Ajabu ni kwamba katika muungano huohuo Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilizokuwa na televisheni zilikuwa bado katika nyeusi na nyeupe. Hata ikawa mvuvi wa Unguja aweza kutazama picha ambayo waziri wa Dar es Salaam hakuruhusiwa kuinunulia seti.

Sisi wa bara tulikuwa na redio, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, maana naona historia ya redio imesahauliwa na wenzangu wapendao mashine, wakidhani kuwa maarifa ya mawasiliano yalizaliwa pamoja na simu za mkononi. Mwaka 1970 Redio Tanzania ilitumika katika kampeni ya elimu iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 ikafuata ile kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya, iliyokusanya takriban watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, na mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Utaratibu wake ulikuwa huu: watu wa kijiji hukutana chini ya mti au darasani, redio huwekwa katikati, hufunguliwa kwa saa iliyotangazwa, na kipindi kikiisha hufungwa, kisha kiongozi wa kikundi husoma kitabu kilicholetwa kwa ajili ya somo hilo, asiyejua kusoma akasikiliza, na ndipo mjadala huanza, kila mmoja akisema rai yake juu ya mbu, juu ya maji machafu, juu ya choo, hata mwisho wakaazimia jambo la kufanya kabla ya kukutana tena. Sauti ilitoka Dar es Salaam, walakini jibu lilitolewa kijijini. Nimekwisha kusoma mengi juu ya programu za kuunganisha watu, na bado sijaona iliyopangwa kwa busara kuliko kile kikao cha redio moja na watu ishirini, ambamo kuzima chombo kulikuwa ni sehemu ya somo.

Nasema hivi nikijua pia ya kuwa miaka hiyohiyo ndiyo watu wa Shinyanga, na nchi yetu ya Bariadi wakati huo ikiwamo ndani ya mkoa huo, walipohamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, na wengine hawakuhama kwa hiari. Na hapo redio haikuulizwa, wala haikujibiwa.

Lakini Msukuma hakungoja serikali imfundishe kujibu. Tangu zamani zake ana mbina, yaani ngoma, na jamii zake mbili za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo baada ya mavuno hukutana uwanjani zikicheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Na mshindi si yule asifiwaye na mwamuzi mmoja, bali ni yule ambaye halaiki ya watu imemwendea na kumzunguka. Kwa hiyo manju hutafuta kila hila ya kuvuta macho: wimbo mpya, vazi jipya, nyoka au fisi wa kuchezea, na maneno ya kumchoma mpinzani. Manju huimba habari za bei ya pamba, za mkopo, za kiongozi aliyeahidi akasahau. Naye aliyeimbwa, akiwapo, hana budi kusimama asikie. Watu wa televisheni wa siku hizi, wahesabuo watazamaji kila jioni, wangaliujua mchezo huu mara moja, ila uwanjani mtazamaji hutembea kwa miguu yake kutoka huku kwenda kule, na kila mtu humwona amehama.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango, na mwaka 1994 televisheni za watu binafsi, ITV ikiwamo, zikaanza kurusha picha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, na wagombea wanne wa urais walikabiliana kwa hoja mbele ya kamera: Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba, na John Cheyo wa UDP, mtu wa kwetu, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Bwana Mapesa na ambaye baadaye aliketi bungeni kwa kiti cha Bariadi Mashariki. Naliona ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtoto wa Bariadi alisimama katika kioo cha televisheni siku ambayo Bariadi haikuwa na kioo cha kumtazama. Habari zake zilitufikia kwa redio, kwa magazeti yaliyochelewa, na kwa midomo ya wasafiri walioshuka kwenye mabasi.

Picha yenyewe ilipotufikia haikuingia kwa mlango wa siasa. Iliingia kwa kibanda cha video, chenye jenereta nyuma na mabenchi ya mbao ndani, ambako filamu za kigeni zilitafsiriwa na sauti ya Lufufu, naye akiongeza yake kwa ufasaha hata tukamwamini kuliko waigizaji. Baadaye zikaja Star TV ya Mwanza, madishi, ving'amuzi, na hatimaye simu, ambayo kijana wa Bariadi alianza kuitumia kutazama kikao cha Bunge kwa vipande vya dakika mbili, kwani Januari 2016 serikali ilipotangaza kuwa televisheni ya taifa haitarusha tena Bunge zima moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama, tulizoea kupokea siasa iliyokwisha kukatwakatwa na mtu tusiyemjua. Mimi sikuipenda hatua hiyo. Kipande hakijibiwi, kwa kuwa hujui kilichotangulia wala kilichofuata.

Mwaka uliotangulia huo, yaani 2015, wapiga kura waliandikishwa kwa mashine za kuchukua alama za vidole, na kwa wazee wengi wa vijiji vyetu hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza waliyopata kusimama mbele yake, miaka arobaini na mmoja baada ya marufuku. Nilikwenda shuleni palipowekwa mashine, si kwa kujiandikisha tu bali kwa tamaa ya kuiona. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja mkulima wa pamba, na kila alipoweka kidole juu ya kioo mashine haikukisoma, maana jembe lilikuwa limekwisha kufuta mistari yote. Kijana aliyeiendesha akamwambia kwa adabu, "Shikamoo bibi, tujaribu kingine," akamfuta mkono kwa kitambaa, wakajaribu cha pili, na cha tatu, na foleni nzima ikanyamaza ikingoja. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali. Bibi akaitazama picha yake ikitokea kwenye skrini, akamgeukia kijana na kumwuliza kama mashine hiyo nayo itamsikia iwapo ana neno la kusema.