Kuku Mgeni na Kamba Yake

Wazee walituachia methali kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aghalabu tunaitumia kwa binadamu, hasa sisi tulio ugenini, tukasahau kuwa kamba yenyewe ilikuwa na kazi. Kuku aliyetoka kijiji cha pili alifungwa siku kadhaa mpaka azoee uwanja mpya, la sivyo angepotelea vichakani. Kuhamisha kuku ni jambo la zamani, na hapa Uingereza lina historia yake.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, chakula cha mifugo kutoka ng'ambo kilipungua. Kuanzia Juni 1941 mayai yakatolewa kwa mgao, takriban yai moja kwa mtu kwa wiki, tena likipatikana. Mwaka 1942 ukaja unga wa mayai kutoka Marekani. Lakini aliyefuga kuku uani aliweza kuusalimisha mgao wake wa mayai, akapewa badala yake chakula cha kuku cha kuchanganya na maganda ya viazi na mabaki ya jikoni. Hivyo kuku wakaingia katika nyua za mijini, wakalala katika mabanda ya mbao kuukuu.

Mgao wa mayai uliondolewa Machi 1953, na hali ikageuka. Sheria ya mwaka 1950 ilikuwa imewaruhusu wapangaji wa vishamba vya kukodi kufuga matetea, mradi si kwa biashara, na ruhusa hiyo ipo hadi leo. Hata hivyo mayai ya dukani yakawa rahisi, nayo yakatoka kwa kuku waliofungiwa vizimbani, kila mmoja katika nafasi ndogo kuliko karatasi ya A4. Ruth Harrison aliyaanika mambo hayo katika kitabu chake cha 1964, lakini ilichukua hadi Januari 2012 vizimba vya namna ile kupigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, Jane Howorth wa Devon alianzisha shirika linaloitwa leo British Hen Welfare Trust. Kuku wa biashara kwa desturi walichinjwa wakifikia wiki 72 hivi, mayai yanapoanza kupungua. Shirika likawachukua na kuwagawa kwa watu wenye nyua. Safari hii kuku ndio waliotoka kiwandani kurudi uani.

Hapo ndipo hesabu inapotushinda wengi. Sisi wahandisi tunafundishwa kuhesabu umri wa mtambo mpaka siku ya kuung'oa. Kuku anaweza kuishi miaka sita, hata minane. Nyumba ni ya kupanga, na kazi inaweza kukupeleka mji mwingine wakati wowote. Kwetu ukisafiri unamwachia jirani, vifaranga mkagawana. Hapa jirani hana banda, na pengine hata jina lake hulijui.

Wapo watakaosema dawa ni kisu. Simlaumu mtu, ila mkongwe aliyetaga miaka minne ni wa supu ya kuchemshwa saa nyingi, na watoto waliompa jina hawatainywa.

Basi anayewatoa kuku wake aanze mapema, si wiki ya kukabidhi funguo. Asiwatawanye mmoja mmoja, maana kuku akiingia peke yake katika kundi geni hudonolewa vibaya. Awahamishe usiku wakiwa wametulia, na mwenyeji mpya awafungie bandani siku kadhaa: ndiyo ile kamba ya mguuni. Ikumbukwe pia kwamba mabaki ya jikoni yaliyowalisha kuku wa wakati wa vita yamekatazwa tangu 2001, kwa hiyo ukoko wa pilau usiwafuate. Na tangu Oktoba 2024, katika England na Wales, kwa ajili ya mafua ya ndege, hata mwenye kuku mmoja lazima ajisajili. Anayewapokea naye vilevile.

Kuwatafutia makao si hisani, ni kumaliza kazi uliyoianza mwenyewe. Mwenzetu akituambia anahama na ana kuku, tumsikilize. Wapo kati yetu wenye uwanja.