BABU, TEZO NA MADOGO WAWILI: HISTORIA YA MBAO USUKUMANI AMBAYO HAIMO VITABUNI

Ukipita Kahama, Katoro au Geita mjini mchana wa Jumamosi, pembeni ya barabara utaona vitanda vimesimamishwa wima, milango imeegemezwa ukutani na makabati yanang'aa vanishi. Nyuma kidogo, chini ya mwembe au turubai, kuna mzee mwenye penseli sikioni. Na mara nyingi miguuni pake kuna madogo wawili watatu wanaokota maranda, wananyoosha misumari iliyopinda, wanagombea nani ashike futi. Ni wajukuu.

Picha hiyo imezoeleka mno, hakuna anayetoa simu kuipiga. Watu wanaipiga dhahabu. Ukitaja Geita mtu anawaza dhahabu, ukitaja Shinyanga anawaza almasi ya Mwadui na ng'ombe. Lakini yule babu na wale madogo wanafanya kitu cha zamani kuliko mgodi wowote wa Kanda ya Ziwa.

Twende taratibu.

Zamani, kabla ya reli na kabla ya duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ya Msukuma ilisimama kwa mbao kuanzia asubuhi hadi usiku. Mpini wa jembe ni mbao. Kinu na mchi ni mbao. Mwiko, kigoda, mzinga wa nyuki, ngoma, hadi ubao wa isolo, ule mchezo wa mashimo na kete ambao wazee bado wanaucheza kwa makelele kuliko mpira wa Simba na Yanga. Plastiki ilikuwa haijazaliwa. Kama kijijini hakuna mtu anayejua kushika tezo, watu hawalimi na hawatwangi.

Sasa swali: huyo mtu alifundishwa wapi? Chuo hakikuwepo, cheti hakikuwepo.

Jibu lipo kwenye shikome. Hilo ni neno la Kisukuma la mahali pa moto nje ya nyumba, kwenye boma, walipokuwa wakikaa wanaume na watoto wa kiume jioni baada ya ng'ombe kurudi. Pale ndipo hadithi, vitendawili, historia ya ukoo na maonyo vilipotolewa. Na mikono haikukaa bure. Huku babu anasimulia, huku anachonga mpini. Mtoto anasikiliza kwa masikio na anajifunza kwa macho.

Kwa nini babu na siyo baba? Hapa watu wengi wanapitwa. Kwa Wasukuma, kama kwa makabila mengi ya Tanzania, babu na mjukuu ni watani. Baba anaheshimiwa na kuogopwa, ukiharibu ubao wake unajua kitakachokupata. Babu, au guku kama wanavyomwita wenyewe, unaweza kumtania kwamba kazeeka na anataka kukupora mchumba, naye akacheka. Mtoto anayejifunza kutumia tezo ataharibu. Ataharibu sana. Anahitaji mwalimu anayeweza kucheka huku akitoa mti mwingine. Tena babu ana kitu ambacho baba hana: muda. Hakimbizani na msimu wa kulima.

Basi kazi ilianza kidogo kidogo. Mchunga ng'ombe alianza na fimbo yake mwenyewe, akaja kwenye pia za kuchezea, akaja kwenye mpini. Kigoda ni mtihani mkubwa, maana hakiunganishwi kwa msumari. Kinachongwa kutoka kipande kimoja cha gogo, kiti na miguu yake. Ukikosea mguu wa tatu umepoteza gogo zima na siku zako mbili.

Na kuna wachongaji waliopanda ngazi zaidi ya hapo. Mtawala wa Kisukuma aliitwa ntemi, na wanaosimulia asili ya neno hilo husema linatokana na kutema, yaani kukata pori ili watu wapate pa kukaa. Ntemi alikuwa na kiti chake na ngoma zake, na vyote hivyo vilitoka mkononi mwa mtu wa tezo. Ngoma ya ntemi haikuwa ya kuchezea birthday, ilikuwa sehemu ya utawala wenyewe.

Halafu kuna mashindano ya ngoma. Kama unadhani bifu za wasanii zimeanza juzi, pole. Usukuma una vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inarudishwa kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na upande wenye watazamaji wengi ndio unaoshinda. Ni vita ya viewers kabisa, ila viewers wenyewe wamesimama kwenye vumbi. Ili kuvuta watu, wachezaji walileta nyoka, walileta fisi, na walileta masanamu ya mbao, mengine yenye mikono inayochezeshwa. Chama kikiwa na mchongaji mkali kilikuwa na silaha. Lakini jina lililobaki ni la mcheza ngoma. La aliyechonga sanamu limepotea.

Kupotea huko kumeendelea mpaka Ulaya. Enzi za Mjerumani, viti na masanamu ya Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi vilisafirishwa kwenda kwenye makumbusho ya kule, Berlin ikiwemo. Vitu vya namna hiyo mara nyingi vina kadi yenye jina la kabila na jina la mzungu aliyevipeleka. Mahali pa jina la fundi ni patupu. Babu wa mtu fulani wa Shinyanga au Tabora yumo ndani ya kabati la kioo, na mjukuu wake hajui.

Kisha ukaja Uingereza, na hapo miti yenyewe ikapata matatizo. Shinyanga ilikuwa na mbung'o, wale inzi wanaoua ng'ombe na kuleta malale. Serikali ya kikoloni iliweka hapo makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na moja ya dawa iliyopendwa ilikuwa kufyeka pori, maana mbung'o anapenda kivuli. Watu kwa maelfu walitolewa kukata miti. Ongeza mashamba ya pamba, ongeza ng'ombe, ongeza kuni. Miaka ikapita, Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Kwa mchongaji hilo ni msiba wa moja kwa moja: unamfundisha nini mjukuu kama gogo lenyewe halipo?

Wakati huohuo kazi yenyewe ilibadilika. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Zikaja nyumba za madirisha na milango, shule zenye madawati, na pamoja navyo msumeno, randa na patasi. Akazaliwa fundi wa aina nyingine, seremala. Mbao zilipasuliwa kwa mkono: gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja juu, mwingine chini, msumeno mrefu katikati. Wa chini anakula vumbi machoni siku nzima. Wazee waliofanya kazi hiyo mabega yao unayajua ukiyaona.

Migodi nayo ikafunguka. Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwadui ilianza mwaka 1940, baada ya John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, kupata almasi. Vijana wenye nguvu wakaondoka kwenda kwenye ajira, wazee wakabaki na watoto. Yaani mgodi, bila kukusudia, ulizidi kumkabidhi mjukuu kwa babu.

Baada ya uhuru mambo yalienda haraka. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na soko la viti vya enzi likaisha siku hiyohiyo. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na mtoto wa shule ya msingi akaanza kupewa kazi za mikono: leta mpini, leta mwiko, leta kigoda. Kiukweli vingi ya vile vilichongwa na babu usiku, mtoto akavipeleka asubuhi akapata alama. Usicheke, hata hapo mtoto alikuwa amekaa pembeni ameshika taa. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, vingi vikiwa na karakana ya useremala, kwa msaada wa Sweden. Na hilo halishangazi. Waswidi walikuwa na shauku hiyo tangu karne ya 19, pale Nääs, ambako Otto Salomon alifundisha walimu jinsi ya kumlea mtoto kwa kisu na kipande cha mbao. Walichokiandikia vitabu kule, huku kilikuwa kinafanyika kwenye shikome bila kitabu.

Padri David Clement kutoka Quebec alikuwa miongoni mwa wachache waliotambua mapema kwamba vitu hivi vinapotea. Aliviokota na kuvikusanya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, na makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Banda la vitu vya watemi pale limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ukienda na dogo, mwache azunguke viti na ngoma kwanza kabla ya selfie.

Miti je? Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Badala ya kuleta miche kutoka mbali na kulazimisha watu, wakarudi kwenye ujanja wa wazee: ngitili, eneo la malisho linalofungwa ng'ombe wasiingie ili majani na miti viote vyenyewe. Ndani ya miaka kama 18, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani. Kuna wajukuu leo wanachonga miti ambayo babu zao waliiona imekwisha.

Lakini dhahabu haijaacha kuita. Uchimbaji mdogo unakula miti kwa namna yake. Duara haliwezi kusimama bila matimba, yale magogo ya kushikilia kuta na paa la shimo. Tena timba halihitaji fundi. Halina urembo, halina randa, linakatwa na kushushwa. Ila uhai wa mtu umelala juu yake. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, shimo liliporomoka na wachimbaji wakafukiwa. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na wadudu. Mwenzao mmoja alifia chini.

Watoto nao wanaitwa. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo Tanzania, wakiwemo wa ukanda huu, wanaoshuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mwalo uko karibu, hela yake ni ya leoleo. Babu mwenye benchi hana hela ya leoleo. Ana mbao ya mninga inayosubiri kukauka na mteja aliyelipa nusu.

Na ushindani umeongezeka. Milango ya chuma, madirisha ya aluminiamu, viti vya plastiki vya kupangwa kwenye sherehe. Baadhi ya wazee wamefunga. Wengine wamenunua randa ya umeme, na hapo madogo wanaambiwa kaa mbali, kwa sababu mashine haina utani wa babu na mjukuu. Vidole havioti tena. Kwa hiyo wanabaki na msasa, gundi na zile mbao fupi zilizobaki, ambazo zinageuka malori yenye magurudumu ya kandambili.

Jambo moja limebadilika kwa faida. Kwenye shikome wasichana hawakukaa. Tezo lilikuwa la wavulana. Chini ya mwembe wa leo mjukuu wa kike naye anashika msumeno, na ukiangalia vizuri mara nyingi ndiye anayepima kabla ya kukata. Kaka yake anakata kwanza, halafu anatafuta futi.

Kigoda chake cha kwanza hakiuziki. Mguu mmoja mfupi, kinayumba kama lori la Katoro kwenye masika. Babu anakigeuza, anakitazama, anaweka kipande cha kibao chini ya mguu, anakirudisha. Jioni bibi anakivuta mpaka jikoni, anakaa, anaanza kumenya karanga.