Nafasi ya kijana wa Kisesa katika maamuzi ya umma

Kisesa, iliyoko katika Wilaya ya Magu, takriban kilomita 20 mashariki mwa Jiji la Mwanza kando ya barabara kuu iendayo Musoma, inafahamika kwa wengi kwa mambo mawili. La kwanza ni Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma na mashindano ya ngoma za Bulabo yanayofanyika kila mwezi Juni. La pili ni tukio la tarehe 8 Septemba 2021, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya katika tamasha la utamaduni lililofanyika hapo. Lisilofahamika sana ni kwamba utaratibu wa vijana kushiriki katika mambo ya umma kwenye eneo hili ni wa zamani kuliko sera yoyote ya vijana.

Katika utawala wa jadi wa Wasukuma, mtemi na wanangwa wake hawakuwa peke yao. Wazee walikuwa na baraza lao, banamhala, na vijana walikuwa na umoja wao uliojulikana kama elika, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Kijana huyo hakuwa mteule wa mtemi. Nguvu zake zilitoka kwa wenzake. Ndiye aliyekusanya vijana kulima mashamba kwa zamu, kujenga nyumba na kusaidia familia iliyopatwa na msiba, na ndiye aliyesimamia adhabu kwa aliyekwepa kazi. Kwa kuwa kilimo kilitegemea nguvu kazi hiyo, mwanangwa aliyetaka jambo litekelezwe kijijini alilazimika kusikilizana naye. Haifai kuupamba mfumo huo kupita kiasi: wasichana hawakuwa na sauti sawa ndani yake. Hata hivyo, kanuni yake ilikuwa wazi, kwamba anayebeba mzigo wa utekelezaji anastahili kusikilizwa wakati wa kupanga.

Mfano wa pili umo katika historia ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa na malalamiko makubwa dhidi ya mizani ya wanunuzi. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa bado kijana alipoongoza kuundwa kwa umoja wa wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952. Mwaka 1955 vyama vya msingi viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Ununuzi na uchambuaji wa pamba, uliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache, ukawa suala ambalo mkulima mwenyewe anakaa mezani kuliamua. Baada ya Uhuru, Bomani alikuwa Waziri wa Fedha.

Leo, mlango wa kwanza wa kijana wa Kisesa katika maamuzi ya umma ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ibara ya 21 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi, ama moja kwa moja au kupitia wawakilishi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipeleka haki hiyo hadi chini ya mwembe: kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kuhusu sera na mambo yote ya jumla ya kijiji. Hahitaji kuchaguliwa, kuteuliwa wala kualikwa kwa barua. Anayetaka kugombea nafasi ya uongozi wa kijiji, udiwani au ubunge anatakiwa kuwa ametimiza miaka 21.

Mamlaka hayo yana uzito wa pekee katika suala la ardhi, na hapo ndipo kijana wa Kisesa ana cha kupoteza. Eneo hili linakua kwa kasi. Jiji linapanuka kuelekea mashariki, na barabara ya mchepuo inayounganisha Usagara na Kisesa imeongeza thamani ya viwanja. Shamba la pamba au mahindi la jana ni kiwanja cha nyumba leo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya awali ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa maneno mengine, kijana ambaye hakuhudhuria mkutano ulioidhinisha ugawaji wa eneo la malisho au uwanja wa mpira amepoteza nafasi yake ya kusema, ilhali ndiye atakayeishi na matokeo ya uamuzi huo kwa miaka 40 au zaidi ijayo. Mzee aliyenyoosha mkono hataishi nayo kwa muda huo.

Mkutano huu pia ndio mahali pa kuhoji mapato na matumizi. Taarifa za fedha za kijiji zinapaswa kusomwa mbele ya wananchi kila robo ya mwaka, na swali la kijana kuhusu risiti ya mchango wa ujenzi wa darasa ni la halali sawa na la mtu mwingine yeyote. Kwa taarifa ambazo hazikutolewa mkutanoni, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inayohusika inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Kabla ya hapo mipango huanzia kijijini kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufika Halmashauri ya Wilaya ya Magu. Hoja ya kituo cha stadi za kazi au kisima inayotolewa mwezi Mei imechelewa, hata iwe nzuri kiasi gani. Wakati wake ni miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, kijiji kinapoorodhesha vipaumbele.

Ushiriki huo una upande wa fedha pia. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 kutokana na dosari zilizobainika, vikiwemo vikundi hewa na marejesho hafifu, na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa hustawi pale ambapo vijana wa eneo hawajui nani ameomba na kwa kazi gani, na maswali hayo huulizwa kwanza kijijini na katika kata, kabla hayajawa hoja ya ukaguzi.

Kikwazo kikubwa kinachosikika ni muda. Mikutano mingi huitishwa mchana wa siku ya kazi, wakati dereva wa bodaboda yuko kijiweni, muuza dagaa yuko mnadani na wengine wamekwenda mjini kutafuta kibarua. Hakuna sheria inayokataza mkutano kuitishwa jioni au Jumapili baada ya ibada, na uongozi wa kijiji unaolalamika kuwa vijana hawaji ungefaa kwanza utazame saa iliyoandikwa kwenye tangazo.

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na kufanyiwa mapitio mwaka 2007, inamtambua kijana kuwa mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, kundi ambalo ni zaidi ya thuluthi moja ya Watanzania. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania ili kuwapa chombo chao, ingawa kwa miaka kadhaa iliyofuata wabunge na asasi za vijana waliendelea kudai utekelezaji wake.

Wenye umri wa miaka 15 hadi 17 hawapigi kura wala si wajumbe wa Mkutano Mkuu. Kwao, njia iliyo karibu ni mabaraza ya wanafunzi shuleni na mabaraza ya watoto, pamoja na maofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambao ndio wanaopokea hoja za makundi haya na kuziingiza katika taarifa zinazopelekwa Magu.