Cena na uwanja uliogawanyika: miaka kumi ya bingwa aliyeshangiliwa na kuzomewa

Usiku wa Juni 11, 2006, ndani ya ukumbi wa Hammerstein Ballroom jijini New York, John Cena alivua fulana yake na kuwatupia mashabiki, kama alivyozoea kufanya kabla ya pambano. Wakairudisha. Akaitupa tena, wakairudisha tena, na kila ilipoangukia ulingoni ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Huyo ndiye alikuwa bingwa wa WWE, kampuni kubwa kuliko zote katika mieleka ya kulipwa. Katika hadithi iliyoandikwa na kampuni hiyo, yeye ndiye alikuwa mtu mwema. Lakini juu ya vichwa vya watu liliinuliwa bango lililoonya kwamba Cena akishinda, patakuwa na fujo.

Hakushinda. Edge, mwanamieleka mwingine wa WWE aliyeficha sura ndani ya kofia ya pikipiki, alimvamia. Rob Van Dam, mpinzani wake usiku huo, akamlalia, na Paul Heyman, bosi wa zamani wa ECW, akahesabu moja hadi tatu kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakakumbatiana.

Ukumbi ule ulijaa wafuasi wa ECW, kampuni ndogo iliyofilisika mwaka 2001 na iliyokuwa ikifufuliwa na WWE, kwa hiyo chuki yao ilitarajiwa. Lakini kelele zile zilikuwa zimeanza kusikika kwingineko tangu mwaka uliotangulia, na zingemfuata Cena kwa muongo mzima. Hadi leo mashabiki hawajakubaliana: je, miaka ile kumi ya Cena kileleni, kuanzia 2005, iliujenga mchezo au iliuchosha?

Aliyechaguliwa na watu

Wengi husahau kwamba mashabiki wenyewe ndio waliompandisha Cena. Alizaliwa Aprili 23, 1977, akakulia West Newbury, Massachusetts, akasoma Springfield College na kuchezea timu ya chuo mpira wa Kimarekani. Baada ya kujifunza mieleka California na kunolewa katika kambi ya OVW huko Kentucky, alionekana kwa mara ya kwanza katika SmackDown, kipindi cha televisheni cha WWE, Juni 27, 2002, akipambana na Kurt Angle. Alishindwa, lakini watu walimwona.

Kilichomtoa hasa kilikuwa mdomo. Mwishoni mwa mwaka huo alianza kupanda ulingoni na kipaza sauti, mnyororo shingoni na kofia kichwani, akiwachana wapinzani wake kwa mistari ya rap. Alikuwa adui katika hadithi, mtu wa kuzomewa. Mashabiki wakakataa kumzomea. Matusi yake yalikuwa na vina na ujasiri, na hayakumbagua mkubwa wala mdogo. Hatimaye kampuni ikawafuata mashabiki na kumgeuza mtu mwema.

Nafasi nayo ilikuwa wazi. Steve Austin alipigana pambano lake la mwisho la enzi yake Machi 2003. Mwaka uliofuata The Rock alikuwa amehamia kwenye filamu, na Brock Lesnar akaondoka kwenda kujaribu bahati katika mpira wa Kimarekani. WWE ilihitaji sura mpya, ikapata mbili kwa usiku mmoja: Aprili 3, 2005, katika WrestleMania 21, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, jijini Los Angeles, Batista alimpiga Triple H na Cena akamvua JBL mkanda wa WWE.

Kuanzia hapo mambo yakageuka. Kijana wa mitaani mwenye mdomo mkali alianza kusafishwa. Mistari ilipungua, hotuba za kutokata tamaa zikaongezeka, na fulana za rangi angavu zikaanza kuuzwa kwa wingi. Ndani ya mwaka 2005 huo huo, alipokuwa akitetea mkanda dhidi ya Chris Jericho na kisha Kurt Angle, sehemu ya uwanja ilianza kuwashangilia wapinzani wake.

Steringi hafi

Waliokulia katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki wanaijua kanuni ya filamu: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atadondoshwa ghorofani, lakini mwisho atasimama. Watoto huipenda kanuni hiyo kwa sababu inawapa matumaini. Mtu mzima aliyeiona mara mia hujua mwisho kabla ya mwanzo, na uhondo humwishia. Hapo ndipo uwanja wa Cena ulipogawanyika.

Kelele zenyewe zilijieleza. Upande mmoja ulimhimiza kwa sauti nyembamba za watoto na wanawake. Upande wa pili ukajibu kwa sauti nzito za wanaume, kwamba Cena hana lolote. Ikawa wimbo wa kupokezana, dakika hadi dakika, kutoka mji hadi mji. Aprili 2, 2006, katika WrestleMania 22 karibu na Chicago, Triple H ndiye aliyekuwa mtu mbaya katika hadithi, lakini umati ulimkumbatia na kumzomea Cena tangu alipotokea. Cena akashinda, Triple H akasalimu amri, na zomeazomea ikazidi.

Septemba 17, 2006, aliuchukua tena mkanda kutoka kwa Edge na kukaa nao siku 380, muda ambao bingwa wa kampuni hiyo hakuwa ameufikia kwa karibu miaka ishirini. Aliyemwondoa hakuwa mpinzani, bali jeraha: alichanika msuli wa kifua, na Oktoba 2, 2007 akavuliwa ubingwa. Kwa waliomchoka, hilo lilikuwa thibitisho la malalamiko yao. Hata kupoteza, hakupotezea ulingoni.

Katika mieleka ya kulipwa matokeo hupangwa, na kila shabiki mtu mzima anajua. Kwa hiyo anayeshinda kila wiki huhesabiwa kuwa amependelewa, hata kama kazi ya kuanguka, kuumia na kusimulia pambano kwa mwili wake ni ya kweli. Aliyeamua mwisho wa hadithi katika miaka hiyo alikuwa Vince McMahon, mkuu wa kampuni. Shabiki aliyelipa kiingilio hakuweza kumfikia. Aliyekuwa karibu ni Cena.

Hoja za pande mbili

Wanaompinga wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya Agosti 15, 2010. Miezi miwili kabla yake, kundi la vijana wapya lililoitwa Nexus lilivamia Raw, kipindi kingine cha WWE, likampiga Cena na kubomoa ulingo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mashabiki waliona hatari ya kweli katika hadithi. Katika onyesho la SummerSlam, timu ya Cena ilipambana na Nexus, na Cena akabaki peke yake dhidi ya wawili. Wade Barrett alimbamiza kichwa kwenye sakafu tupu ya saruji. Muda mfupi baadaye Cena aliinuka na kuwashinda wote wawili. Edge na Jericho, waliokuwa katika timu yake, wamesimulia baadaye kwamba waliupinga mwisho ule. Walikuwa sahihi. Nexus haikurudi tena kuwa tishio lile.

Hoja ya pili, kwamba Cena hajui mieleka na ana mbinu tano tu anazorudia, haina mashiko kama ile ya kwanza. Aprili 2007, jijini London, yeye na Shawn Michaels walipambana kwa karibu saa nzima katika Raw, na Michaels akashinda. Julai 17, 2011, karibu na Chicago, nyumbani kwa mpinzani wake CM Punk, alipigana pambano ambalo mchambuzi Dave Meltzer alilipa nyota tano, alama ambayo hakuwa ameipa WWE tangu 1997. Asiyejua kazi hapewi nyota tano kwa bahati, mbele ya watu karibu wote wanaotaka aanguke.

Pambano lile la Punk lilipata nguvu zake kutokana na mgawanyiko wenyewe. Wiki chache kabla, Punk alikaa jukwaani na kusema hadharani yale ambayo wanaomzomea Cena walikuwa wakiyasema kwa miaka: kwamba kampuni humbeba mtu mmoja na kuwasahau wengine. Bila miaka sita ya Cena kileleni, maneno yale yasingemuuma mtu yeyote. Daniel Bryan alinufaika vivyo hivyo Agosti 2013, alipomshinda Cena bila hila katika SummerSlam. Thamani ya ushindi wake ilitokana na ugumu wa mtu aliyemshinda.

Wapo wanaomtetea kwa methali kwamba mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Methali hiyo haitoshi. Austin naye alizaa matunda mengi, na The Rock pia, lakini hawakuzomewa na nusu ya uwanja mwaka baada ya mwaka. Lazima kuwe na sababu nyingine.

Kiti, wala si mtu

Sababu hiyo inaonekana tukiangalia ni lini zomeazomea ilinyamaza. Januari 27, 2008, katika Royal Rumble, pambano ambalo wanamieleka 30 huingia mmoja baada ya mwingine, ndani ya Madison Square Garden, namba 30 ilipoitwa, Cena akatokea miezi kadhaa kabla ya muda aliotarajiwa kupona. New York ileile iliyomrudishia fulana ilimlipukia kwa furaha. Usiku ule hakuwa bingwa. Alikuwa majeruhi aliyerudi.

Ilitokea tena mwaka 2015. Mwaka mmoja kabla, Lesnar alikuwa amembeba na kumtupa kwa nyuma mara 16 katika SummerSlam, kipigo ambacho Cena hakuwa amewahi kupewa. Baada ya hapo akashuka ngazi. Alimshinda Rusev na kuchukua mkanda wa Marekani, ulio chini ya ule mkubwa, kisha akatangaza kwamba yeyote anayeutaka aje. Kila wiki alimkaribisha mpinzani mwingine: Sami Zayn akapata nafasi ya kwanza mbele ya watu wa kwao Montreal, na Kevin Owens akamshinda waziwazi siku ya pambano lao la kwanza. Watu wazima waliokuwa wakimzomea wakaanza kumpigia makofi.

Mtu alikuwa yuleyule, na mbinu zake zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kiti alichokalia. Na kiti kile kilipopewa Roman Reigns, zomeazomea ikahamia kwake papo hapo: Philadelphia walimzomea aliposhinda Royal Rumble ya 2015. Mashabiki walikuwa wakipinga kuchaguliwa bingwa badala ya kuachwa wamchague, kama walivyomchagua Cena wenyewe mwaka 2003.

Lakini kampuni iling'ang'ania kumweka Cena kitini, na faida yake haikuwa ya fedha peke yake. Tangu mwaka 2008 WWE ilielekeza vipindi vyake kwa familia, na Cena akawa kipenzi cha watoto, wakiwemo wagonjwa mahututi. Kupitia shirika la Make-A-Wish ametimiza maombi ya zaidi ya watoto 650 waliotaka kukutana naye, idadi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifikia. Kumgeuza adui kungewaumiza watoto hao, na hiyo ni sababu ya heshima ya kumwacha alivyo, hata kama hadithi ilidai vinginevyo.

Hesabu ya mwisho

Mwaka 2017 Cena aliufikia ubingwa wa dunia wa 16 na kulingana na rekodi ya Ric Flair. Kisha filamu zikamchukua zaidi. Machi 1, 2025, jijini Toronto, katika mwaka wake wa kuaga, alimgeuka bingwa Cody Rhodes na kuwa mtu mbaya, jambo ambalo mashabiki walilidai kwa karibu miaka ishirini. Aprili 20 alimshinda Rhodes na kutwaa ubingwa wa 17 jijini Las Vegas. Lakini waliodai uovu wake walishindwa kumchukia, na kufikia Agosti, aliporudisha mkanda kwa Rhodes, alikuwa mwema tena.

Desemba 13, 2025, mjini Washington, alipigana pambano la mwisho dhidi ya Gunther. Gunther alimtia kabali, na Cena, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alihubiri kutokata tamaa, akagonga kusalimu amri. Ukumbi ukakasirika. Triple H, ambaye sasa ndiye msimamizi wa hadithi za WWE, alipojitokeza, alizomewa.

Zomeazomea ile ilimfikia mlengwa wake. Miaka yote, waliomzomea Cena walikuwa sahihi kuhusu hadithi na walikosea kuhusu mtu. Kampuni ilimpa ushindi mwingi mno, ikawanyima wengine nafasi na kumchosha mtazamaji. Nexus ni ushahidi tosha. Lakini aliyebeba gharama ya maamuzi hayo alipanda ulingoni kila usiku, akasikiliza nusu ya uwanja ikimkataa, hakuwatukana waliomkataa, na akawapa pambano walilolipia. Tukiendelea kubishana kuhusu enzi yake, na tuendelee, tumtofautishe aliyeandika na aliyetumwa kutekeleza. Kwa kipimo hicho, John Cena anastahili nafasi yake miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huu.