Chombo hakiendi ila kwa nyenzo: kutoka mashua ya vipande ya Maniema hadi ubao wa bawa wa umeme

1. Utangulizi

Mwezi wa Oktoba 1876 msafara mkubwa ulipita Kabambare ukifuata bonde la mto Luama kuelekea Kasongo. Miongoni mwa mizigo yake mlikuwa na vipande vya mbao vilivyobebwa mabegani na watu walioteuliwa kwa kazi hiyo. Vipande hivyo, vikiungwa, vilikuwa mashua moja: Lady Alice, chombo cha Henry Morton Stanley. Nchi hii ya Lusangi na jirani zake, iliyo mbali na bahari na hata na Ziwa Tanganyika, ilikuwa imeingia katika historia ya chombo kinachosafiri nchi kavu kabla ya kusafiri majini.

Karibu karne moja na nusu baadaye, watu katika nchi nyingi hujiundia nyumbani chombo kingine cha vipande. Ni ubao wa kusimamiwa na mtu mmoja, wenye nguzo chini yake, bawa mwishoni mwa nguzo hiyo, na mota ya umeme inayousukuma hadi ukainuka juu ya maji. Kwa sura na kwa kusudi, vyombo hivi viwili viko mbalimbali. Hata hivyo, vyote viwili vinaleta swali moja: nani anabeba vipande, nani anajua kuviunga, na nani anapanda? Makala hii inakusudia kulifuata swali hilo kuanzia mtumbwi wa Lualaba hadi ubao huo wa umeme.

2. Mtumbwi na wenyewe

Kabla ya 1876 chombo cha Lualaba kilikuwa mtumbwi wa gogo moja. Mti uliangushwa, ukachongwa kwa shoka na tezo, ukafukuliwa tumbo, kisha ukaendeshwa kwa kasia au kwa upondo. Chombo cha namna hii hakina kiungo wala msumari, na upana wake hauwezi kuzidi upana wa mti. Ubora wake mkubwa ni kwamba mchongaji, mwenye chombo na msitu unaotoa mti vyote viko kwenye ukingo mmoja. Kikipotea kimoja, ujuzi wa kutengeneza kingine haupotei.

Katika sehemu za Nyangwe wenye mitumbwi walikuwa hasa Wagenya, wavuvi na wavushaji. Umuhimu wao ulionekana mwaka 1871. David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi mwaka huo, akakaa zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi ya kumvusha na kumteremsha mtoni. Hakuipata. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua risasi sokoni. Waliokufa, wengi wao wanawake, waliuawa kwa risasi na kwa maji, maana mitumbwi ilijaa kupita kiasi ikazama. Livingstone alivunjika moyo, akarudi Ujiji. Mwezi wa Agosti 1874 Verney Lovett Cameron naye alifika Nyangwe, akaomba mitumbwi, akanyimwa. Ilimbidi aache mto na kufuata njia ya kusini pamoja na Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Masimulizi ya wasafiri yalizoea kuona kunyimwa huko kuwa ni ukaidi au tamaa ya bei. Lakini ukiyatazama mambo kutoka upande wa wenye mto, maana yake ni nyingine. Mtumbwi uliouzwa kwa mgeni ulikuwa daraja la kuwavusha wenye bunduki hadi ng'ambo ambako hawakuwa wamefika. Mauaji ya sokoni yalithibitisha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure. Kukataa kuuza chombo kulikuwa njia mojawapo ya kulinda nchi.

3. Mashua ya vipande

Stanley alijua habari za Livingstone na za Cameron, lakini chombo chake kilikuwa kimeagizwa tangu 1874. Lady Alice iliundwa na James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Urefu wake ulikuwa futi 40, yaani metre 12 hivi, na upana futi 6. Iligawanywa katika sehemu tano za futi 8 kila moja. Ilipofika Unguja sehemu hizo zilionekana kuwa nzito mno kwa wapagazi, ikabidi fundi wa meli azipunguze na kuzigawa upya. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Mashua ikaungwa na kuzunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875 na Ziwa Tanganyika mwaka 1876, kila mara ikifunguliwa tena na kurudi mabegani.

Baada ya kupita Kabambare na kukutana na Tippu Tip, msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876. Katika msitu wa kaskazini wabebaji wa mashua walitaabika kuliko wote, kwa kuwa njia iliyomtosha mtu na mzigo wake haikutosha kipande cha mashua, na ilikuwa lazima miti ikatwe mbele yao. Tarehe 19 Novemba vipande viliungwa ukingoni mwa Lualaba. Siku hiyo ngao ya wenye mto ilivunjika. Kunyimwa mtumbwi hakukuwa tena kizuizi kwa mtu aliyekuja na chombo chake.

Matokeo yake yanajulikana. Stanley alifika Boma mwezi wa Agosti 1877. Njia aliyoifungua ilitumiwa na Dola Huru ya Kongo, na mwaka 1893 majeshi yake chini ya Francis Dhanis yaliteka Nyangwe mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili.

Hata hivyo jambo moja aghalabu husahauliwa. Katika maporomoko ya chini ya mto, mitumbwi ya msafara ilipopotea, watu wa msafara walikata miti mikubwa wakachonga mitumbwi mipya papo hapo. Uledi, msukani wa Lady Alice, aliwaokoa wenzake wengi majini. Lady Alice yenyewe iliachwa juu ya mawe karibu na Isangila tarehe 31 Julai 1877. Mashua ya Thames ilikwisha hapo. Ujuzi uliokuwa mikononi mwa wapagazi na wachongaji ulidumu. Lakini majina mengi ya watu hao hayakuingia katika ramani wala katika sifa.

Mtindo huo uliendelea. Mwaka 1915 meli ya Kijerumani Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kusafirishwa katika masanduku, iliungwa Kigoma. Ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba. Mwaka huohuo Waingereza walizipitisha boti zao mbili za mota, Mimi na Toutou, zenye futi 40 kila moja, katika milima ya Katanga, kisha zikateremka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, zikamalizia kwa reli hadi Tanganyika. Tofauti na Lady Alice, hizo zilivutwa zikiwa nzima. Lakini walioifyeka njia na kuyajenga madaraja yake walikuwa, kwa mara nyingine, wenyeji.

4. Bawa chini ya maji

Wakati huo Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilikuwa zikijaribu wazo jipya. Chombo cha kawaida hupoteza nguvu nyingi kwa kuyapasua maji kwa tumbo lake. Je, tumbo hilo likiinuliwa? Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Kwa hiyo bawa dogo tu likipita ndani yake laweza kuinua mzigo ambao hewani ungehitaji bawa kubwa sana. Mwaka 1906 Mwitalia Enrico Forlanini alikijaribu chombo chenye mabawa katika Ziwa Maggiore. Tarehe 9 Septemba 1919 chombo HD-4 cha Alexander Graham Bell na Casey Baldwin kilifikia mwendo wa kilometa 114 hivi kwa saa huko Nova Scotia, Kanada. Mwaka 1953 vyombo vya mabawa vilianza kuchukua abiria katika Ziwa Maggiore, kati ya Uswisi na Italia.

Kwa miaka mingi ujuzi huo ulikuwa wa viwanda na majeshi. Mageuzi yalikuja pale wacheza mawimbi walipofunga bawa chini ya ubao, na pale betri za lithiamu zilipopungua bei. Kufikia mwaka 2018 kampuni ya Lift Foils ya Puerto Rico ilikuwa ikiuza ubao wa umeme uliokamilika. Kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa, mafundi wa nyumbani walianza kujiundia wao wenyewe.

5. Kuunda ubao

Ubao wenyewe huchongwa kwa povu gumu au mbao nyembamba, ukavikwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Nguzo ya alumini au ya nyuzi za kaboni, yenye urefu wa sentimeta 60 hadi 100, hushika mabawa mawili: kubwa la mbele linaloinua, na dogo la nyuma linalotuliza. Mota huwekwa ndani ya bomba lisiloingiza maji, ikazungusha rafadha. Mpandaji huongoza mwendo kwa kidude cha mkononi kisicho na waya, na hugeuka kwa kuinamisha mwili.

Kazi ngumu iko katika betri na katika mizani. Seli nyingi zinazotumika zina kipenyo cha milimeta 18 na urefu wa milimeta 65, na kila moja hutoa volti 3.6 hivi, seli 14 zikifuatana hutoa volti 50. Maji yakiingia humo hatari yake ni moto. Ama mizani, nguzo ikifungwa mbele au nyuma kupita kiasi, ubao huruka na kuanguka. Nguvu ya bawa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo mota hutumia nguvu nyingi wakati wa kuinuka, na nguvu ndogo zaidi baada ya tumbo la ubao kutoka majini.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili hakishindwi na chombo hiki. Bawa, nguzo, rafadha na mkia ni maneno yaliyopo tayari. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, yanaufaa ubao kama yalivyoifaa jahazi.

6. Hitimisho

Ubao wa bawa ni chombo cha mchezo, na hakuna mvuvi wa Lualaba anayeuhitaji kuvushia muhogo. Lakini vipande vyake havitoki mbali kama inavyodhaniwa. Kobalti imo katika aina nyingi za betri za lithiamu, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa sehemu za Kolwezi. Mto unaopita karibu na Kolwezi ni Lualaba uleule unaoteremka hadi nchi ya Kasongo. Mwaka 1876 vipande vya chombo vilipita Maniema juu ya mabega ya watu ambao mashua haikuwa yao. Katika karne hii madini ya chombo yanatoka katika bonde la mto huohuo, na chombo kinaungwa kwingine.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Lady Alice ilihitaji kiwanda cha Thames na mfuko wa magazeti mawili makubwa. Ubao wa bawa huundwa na mtu mmoja mwenye subira, msumeno, gundi na elimu ya umeme. Mota ileile inayosukuma ubao yaweza kusukuma mtumbwi. Katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya wavuvi wameanza kutumia mota za umeme. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Kusini mwa Maniema mti upo, mto upo, na mchongaji yupo. Nyenzo inayokosekana ni elimu ya betri na mota, na mahali pake ni karakana za shule za ufundi za Kasongo na Kabambare.