Ushuru

Neno hili lilitoka Kiarabu, "ushr", yaani sehemu ya kumi. Ni ndugu wa neno "ishirini". Leo kiwango si sehemu ya kumi tena: mwaka 2017, Tanzania, ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa hadi asilimia 2, wa mazao ya biashara hadi 3. Kodi nyingi hulipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ushuru wa namna hii hukusanywa na halmashauri, kutoka kwa muuza dagaa wa Mwigobero, Musoma, na kwa mnunuzi wa pamba wa Bunda. Nani huamua? Katika miji mingi ya Marekani wakazi huipigia kura kodi ya mauzo. Kwetu ushuru wa halmashauri huwekwa kwa sheria ndogo, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla haijapitishwa. Tangazo la sheria hiyo likibandikwa, lisomeni, mkaseme.